Wigo wa Mama Mbazi na Nondo wa Jioni

Wapendwa, hii imenifikia asubuhi kwenye kundi la ukoo na sikutaka iishie kwenye simu yangu. Aliyenitumia naye alitumiwa, kwa hiyo msiniulize kijiji chenyewe ni kipi. Someni taratibu. Mkifika mwisho mtajua wenyewe ni nani anayeihitaji.

Palikuwa na mkulima wa mapapai aliyeitwa Kajiru. Aliishi Upareni, upande wa tambarare, pale milima inapoishia na joto linapoanza. Shamba lake lilipata maji kutoka kwenye ndiva, lile bwawa dogo la wazee linalokusanya maji ya mfereji, na mapapai yake yalikuwa matamu kiasi kwamba wasafiri walimjua kwa mapapai kabla hawajamjua kwa jina.

Jirani yake alikuwa mjane mmoja, Mama Mbazi. Kati ya shamba la Kajiru na nyumba ya mama huyo palikuwa na wigo mrefu wa miti hai. Haukuwa wigo wa kupendeza. Ulikuwa na vichaka vya miiba, ndulele na mitambaazi ya porini iliyojisokota hovyo. Humo ndani mlikuwa pia na maua meupe yaliyofunguka jua likizama, yakanukia hadi barabarani.

Kila jioni nondo walitoka kwenye wigo ule. Walikuwa wengi, wanene, wengine urefu wa kidole, na mbawa zao zilivuma masikioni. Kajiru aliwaona tangu utotoni na hakuwahi kuwafikiria.

Mpaka mama yake alipofariki.

Mama mzee aliugua kifua. Nankondo, mke wa Kajiru, ndiye aliyemuuguza. Alimlambisha asali kijiko kwa kijiko ili kikohozi kilegee, na bakuli la asali likawa halitoki kando ya kitanda. Alfajiri moja mama akakata roho. Walipofungua dirisha mwanga uingie, wakaona ukutani, juu ya kichwa cha marehemu, nondo mkubwa kuliko wote waliowahi kuwaona. Mgongoni alikuwa na alama ya njano iliyofifia, yenye mashimo mawili meusi kama macho. Ulikuwa uso wa mtu, na si wa mtu aliye hai.

Shangazi yake Kajiru akachukua ufagio amtoe. Ufagio ulipomgusa, nondo akalia.

Ndiyo, alilia. Sauti nyembamba, kama ya mtoto wa panya aliyekanyagwa. Wanawake waliokuwa chumbani walitoka mbio, mmoja akaacha kandambili mlangoni.

"Huyu hakuja," shangazi alisema. "Huyu ametumwa."

"Ametumwa na nani?" Kajiru aliuliza.

Shangazi hakutaja mtu. Aligeuza tu uso kuelekea wigo wa jirani.

Msiba ukaisha, maneno hayakuisha. Kisimani, kilabuni, hata nje ya kanisa, watu walikuwa na habari moja. Mama Mbazi anafuga wadudu wa giza. Mama Mbazi, mbona mumewe alikufa ghafla? Mama Mbazi, kwa nini wigo wake haukauki hata kiangazi? Watu walioazima chumvi kwake kwa miaka mingi walianza kupita njia ya mbali.

Kajiru alikuwa na uchungu, na uchungu unatafuta mahali pa kutua. Akaomba kikao cha kijiji.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, Mama Namsifu. Alimsikiliza Kajiru mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulimwona Mama Mbazi akimtuma huyo mdudu?"

"Sikumwona, Mwenyekiti. Lakini nilimwona mdudu. Ana uso wa maiti mgongoni na analia kama mtu. Wanatoka kwake kila jioni. Mama yangu amekufa naye juu ya kichwa. Unataka nione nini zaidi?"

Watu wakaguna kwa kukubali.

Mama Mbazi akasimama. Alikuwa mwembamba, na kanga yake ameifunga vizuri kama mtu aliyekuja harusini. "Ule wigo niliupanda kuzuia mbuzi," alisema. "Walikuwa wanamaliza mchicha wangu. Ningekuwa mchawi, ningeanza na mbuzi wenu."

Mmoja alicheka, akanyamaza alipoona anacheka peke yake.

Mwenyekiti akasema hakuna ushahidi, na kwamba atakayemgusa Mama Mbazi atajibu mbele ya sheria. Lakini kuna mambo ambayo mwenyekiti hawezi kuyazuia kwa maneno. Jiwe lilirushwa juu ya bati la Mama Mbazi. Kuku wake wakaokotwa wamekufa. Baada ya hapo mama akafunga mizigo, akaenda kuishi Mombo kwa mwanawe Mbazi. Aliondoka asubuhi watu wakiwa mashambani, na hakuna aliyemsindikiza.

Kajiru akaufyeka wigo wote, akauchoma moto. Viwavi wanono wenye pembe mkiani walianguka kutoka kwenye majani, akawasukumia motoni kwa fimbo. Kisha akajaza bomba la kupulizia, akapita na dawa kwenye kila kichaka kilichokuwa kando ya shamba.

Jioni ile hakukuwa na nondo hata mmoja. Kajiru akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mvua zikaja na mipapai ikachanua. Nadhani wengi wenu mnajua kuwa mpapai una dume na jike. Dume hutoa maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, na hazai. Jike hutoa maua makubwa machache yaliyobana shinani mwa majani, na huyo ndiye mwenye kuzaa. Kajiru alikuwa na majike mengi na madume machache, kama inavyotakiwa, na yote yalichanua vizuri sana mwaka ule.

Kisha maua ya majike yakaanza kuwa ya njano, yakaanguka.

Alidhani ni upepo. Akaongeza maji, yakaanguka. Akaweka samadi, yakaanguka. Kila asubuhi chini ya mipapai palikuwa na maua yaliyonyauka, na juu hapakuwa na kitu.

"Ametulaani huyo mama," shangazi alisema. "Amekwenda na baraka ya ardhi."

Safari hii Kajiru hakuitikia haraka. Akamwita bwana shamba. Kijana yule akakagua majani, akakata kikonyo, akachimba mizizi, akapanguza mikono kwenye suruali.

"Miti yako haina ugonjwa," alisema. "Maua hayajachavushwa. Unga wa dume haujalifikia jike."

"Miaka yote ulikuwa unalifikia."

"Ndiyo. Nani alikuwa anaupeleka?"

Kajiru akafikiri. "Nyuki, nadhani."

"Umewaona nyuki kwenye maua ya majike?"

"Sijawahi kutazama."

Bwana shamba akatabasamu kidogo. "Hata mimi, nikwambie kweli, sijawahi kutazama. Chuoni wengine walisema upepo, wengine wakasema wadudu, mtihani ukaja, tukajibu, tukasahau. Kaa hapa shambani utazame. Ukimjua, niambie na mimi."

Basi mkulima aliyelima mapapai tangu ujana wake akachukua kigoda, akakaa chini ya mipapai yake mwenyewe kama mgeni.

Nankondo alimcheka mwanzoni, kisha akaja na kigoda chake. Walitazama asubuhi. Nyuki wachache walikuja kwenye maua ya dume, wakabeba walichobeba, wakaenda zao. Kwenye jike hakutua hata mmoja. Walitazama mchana, wakaona inzi na sisimizi. Nankondo akavunja ua la dume, akalinyonya kitako.

"Lina sukari," alisema. Akavunja la jike, akanyonya. "Hili halina kitu."

"Kwa hiyo atakayekuja kwenye jike hapati chochote," Kajiru alisema.

"Labda anakuja kwa kukosea."

Walitazamana. Lilikuwa wazo la ajabu, kwamba chakula cha nyumba yao, ada za watoto na bati juu ya vichwa vyao vilitegemea mgeni anayekosea nyumba. Lakini mgeni mwenyewe ni nani?

Ni Nankondo aliyegundua jambo la pili. Alikuwa anapita pembeni ya shamba, kule kwenye kona lilipo kaburi la mama mkwe wake, akamwita mumewe kwa sauti.

"Baba Elia! Njoo uone!"

Mipapai ya kona ile ilikuwa imezaa. Si sana, lakini vipapai vidogo vya kijani vilikuwa vimekaa shingoni mwa miti, vigumu, vyenye afya. Miti ilikuwa ya mbegu ile ile na ilinyweshwa maji yale yale.

Habari zikaenea. Watu wakaja kutazama, wakasema marehemu anamlinda mwanawe. Shangazi akalia kwa furaha, akapiga magoti kaburini. Kajiru naye alitaka sana kuamini hivyo, maana yalikuwa maneno matamu. Lakini kukaa kwenye kigoda kulikuwa kumemharibia kitu kichwani. Alikuwa hawezi tena kuona jambo bila kuuliza linakujaje.

Akasimama pale akazungusha macho. Kona ile ina nini ambacho kona nyingine hazina?

Ina kaburi. Na kuzunguka kaburi kulikuwa na kichaka. Siku ile ya kufyeka na kupulizia dawa hakuthubutu kupitisha panga wala bomba karibu na alipolala mama yake. Miiba, ndulele na mitambaazi vilikuwa vimebaki kama vilivyokuwa.

Jioni ile walibeba vigoda vyao hadi kaburini. Jua likazama nyuma ya milima. Ule muda ambao bado unaona mkono wako lakini huoni tena mistari ya kiganja, maua ya mipapai dume yakaanza kunukia. Kajiru alishangaa. Amekaa na mipapai maisha yake yote, hakujua kuwa inanukia zaidi jioni.

Kisha kichaka kikatikisika.

Alitoka mmoja, halafu wawili, halafu hawakuhesabika. Nondo. Si wale wenye uso mgongoni. Hawa walikuwa wa rangi ya udongo, na mmoja mwenye mistari ya waridi ubavuni. Kajiru alitaka kusimama akimbie. Nankondo akamshika goti.

"Tulia. Tutazame."

Nondo mmoja alifika kwenye ua la dume, hakutua. Alining'inia hewani, mbawa zikienda kasi hadi zikawa kama ukungu. Akakunjua kitu chembamba kama uzi kutoka kinywani, kirefu karibu sawa na mwili wake, akakiingiza ndani ya ua, akanywa. Akahamia la pili. La tatu. Kisha akavuka hadi kwenye jike. Akaingiza uzi wake, akautoa mara moja, kama mtu aliyeonja chai isiyo na sukari, akaruka kwenda zake.

"Amekosea nyumba," Nankondo alinong'ona.

 Kajiru akanyoosha mkono, akamfunika nondo mmoja kwa kiganja taratibu. Akamsogeza karibu na mwanga wa simu. Usoni na kwenye ule uzi, mdudu alikuwa amejaa unga wa njano.

Akamwachia. Akabaki anakitazama kiganja chake chenye vumbi la mbawa.

Mwisho akasema, "Nimewachoma moto wafanyakazi wangu."

Nankondo bado alikuwa na swali. Alikuwa mwanamke wa aina hiyo, akishika uzi hauachi. "Sawa, hawa wanafuata maua. Yule wa ukutani, mwenye uso, alifuata nini ndani ya nyumba? Ndani hamkuwa na maua."

Walipofika nyumbani alisimama katika chumba cha marehemu, akatazama kitanda, akatazama dirisha, akatazama kimeza kando ya kitanda. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Asali," alisema.

Hawakutaka kuamini bila kuona. Wakaweka kisahani cha asali dirishani, wakaacha dirisha wazi, wakakaa kimya. Jioni ya kwanza hakuja. Jioni iliyofuata hakuja. Waliendelea. Hatimaye akaja, mkubwa, mzito, na uso wake wa maiti mgongoni. Akatua kwenye kisahani kama mtu anayejua anachokitaka, akachovya ulimi wake mfupi na mnene, akanywa. Kajiru akamgusa kwa ncha ya kidole. Akalia, sauti ile ile. Kisha akarudi kunywa.

Kajiru akakaa kitandani mwa mama yake, akalia vile ambavyo hakulia msibani.

"Mama alikuwa anakufa," alisema, "na huyu alikuwa na njaa. Basi. Hakukuwa na kingine."

Kesho yake alikwenda Mombo.

Alimkuta Mama Mbazi uani kwa mwanawe, anachambua mboga. Kajiru akainama kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

Mama alichelewa kidogo kuitikia. "Marahaba. Karibu kigoda."

Kajiru alikaa, akamweleza yote. Maua yaliyoanguka, kichaka cha kaburini, unga wa njano, kisahani cha asali. Alieleza kwa pupa, kwa sababu alikuwa amejaa mambo aliyoyaona, na mwisho akasema, "Mama, wewe ulijua. Miaka yote hiyo ulikuwa unawatunza nondo wale kwa faida yetu, nasi tukakutendea vile. Nimekuja kukuomba urudi. Utufundishe."

Mama Mbazi aliacha kuchambua mboga. Akamtazama. Kisha akacheka, si kicheko cha raha wala cha chuki.

"Kajiru mwanangu, mimi nawaogopa nondo."

"Unasemaje, mama?"

"Nawaogopa kuliko wewe. Kila jioni nilifunga madirisha hata joto liwe la kuua. Akiingia mmoja, mimi natoka. Sijui wanakula nini, sijui wanakwenda wapi. Wigo niliupanda kuzuia mbuzi, nikawaambia kikaoni. Hakuna aliyenisikia. Hayo unayonieleza leo ndiyo nayasikia kwa mara ya kwanza."

Njia nzima Kajiru alikuwa amejenga picha ya mama mwenye siri kubwa. Sasa mbele yake kulikuwa na mwanamke wa kawaida, mwenye sufuria ya mboga mapajani.

"Sasa nisikilize," mama alisema, na hapo hakuwa akicheka tena. "Mlinifukuza kwa ajili ya kitu nisichokijua. Leo unataka kunirudisha kwa ajili ya kitu hicho hicho nisichokijua. Mapapai yakizaa, nitakuwa mama mwenye baraka. Mwaka yakikataa, nitakuwa nani?"

Mama akashika tena mboga zake.

"Nitarudi kwangu," aliendelea. "Ile ni nyumba yangu, na mume wangu amelala pale. Lakini kwanza wewe urudi kwenye kikao kile kile, mbele ya watu wale wale, useme kuwa sikukosa. Na usitaje mapapai. Usitaje nondo. Ukitaja hata mara moja, mimi nabaki hapa."

"Mama, nikiwaeleza kuhusu nondo wataelewa haraka."

"Ndiyo. Wataelewa kuhusu nondo."

Wapendwa, huo ndio uliokuwa mtihani wa Kajiru. Kusimama na unga wa njano mkononi ni rahisi, maana mtu mwenye ugunduzi hupigiwa makofi hata akiwa amekosea. Yeye alitakiwa asimame mikono mitupu.

Kikao kikaitwa. Walikuja wengi, maana walijua kuna jambo limegunduliwa shambani kwake na walitaka kulisikia. Kajiru akasimama.

"Nilisema hapa kuwa Mama Mbazi alimuua mama yangu," alianza. "Nimekuja kusema kuwa hakumuua. Mama yangu alikufa kwa kifua. Mama Mbazi hakukosa kitu."

Shangazi yake akadakia, "Umejuaje? Umepata nini?"

 Maneno yote yalikuwa pale kwenye ulimi wa Kajiru, mazuri, yaliyokamilika. Bwana shamba alikuwa amekaa nyuma, anamtazama kwa hamu. Ingekuwa rahisi sana.

"Sijapata kitu kipya juu yake, shangazi," alisema. "Nimegundua tu kuwa hata siku ile sikuwa na kitu. Nilikuwa na uchungu, nikauita ushahidi. Yeye alikuwa jirani yangu miaka yote na sikumuuliza hata swali moja. Nilimsema mbele yenu, kwa hiyo namwomba radhi mbele yenu."

 Mwenyekiti hakufunga kikao. 

Mwishoni mzee mmoja akajikohoza. "Lile jiwe la kwenye bati," alisema akitazama chini, "lilirushwa na mkono huu."

Mama mwingine akaanza kulia, akakiri kuhusu kuku. Shangazi hakusema chochote siku ile. Lakini Mama Mbazi alipokaribia kurudi, watu walimkuta shangazi yuko kwenye ile nyumba peke yake, amepandisha kanga kiunoni, anasugua sakafu.

Mama Mbazi akarudi. Hapo ndipo Kajiru alipofungua mdomo na kuwaambia watu habari za nondo, naye akaulizwa maswali mpaka sauti ikamkauka. Watu walikuja na vigoda vyao kutazama. Bwana shamba akaja na wenzake. Wigo ukapandwa upya, na safari hii kila mwenye mipapai alileta mche wake, hata wasiokuwa na mbuzi wa kuwazuia. Nondo hawakurudi kwa siku moja. Walirudi kidogo kidogo kutoka kichakani kwa marehemu, na msimu uliofuata maua mengine yalianguka, mengine yakashika.

Jioni moja, mitambaazi ikiwa imeshafika usawa wa kiuno, Nankondo akambembeleza Mama Mbazi atoke nje. Mama akakubali kwa masharti. Alijifunika kanga mbili, akabakiza macho tu, akakaa nyuma ya Kajiru akimtumia kama ngao.

Nondo akaja kwenye ua jeupe mbele yao. Akaning'inia hewani, akakunjua ule uzi mrefu, akanywa. Mama Mbazi akamshika Kajiru bega, kucha zikamwingia. Lakini hakukimbia. Baada ya muda alisogea mbele kidogo. Halafu kidogo tena.

"Kajiru," alinong'ona.

"Naam, mama."

"Ulimi wote ule, akimaliza kunywa huwa anauweka wapi?"

"Anaukunja, mama. Kama mkeka. Subiri, utaona."

Wakasubiri wote watatu, wameinama, pumzi wamezibana. Nondo akamaliza, akaukunja ulimi wake mpaka ukapotea kabisa chini ya uso.

"Eeh!" Mama Mbazi alisema, kanga ikamwanguka kichwani na hakuiokota. "Hebu mwiteni mwingine."

Funzo: Usimwogope wala kumhukumu kiumbe usiyewahi kukaa ukamtazama, awe mdudu au jirani, na ukigundua umemkosea mtu, mwombe radhi kwa sababu umemkosea, usingoje mpaka uone faida yake.